Ukuta wa Chanikiwiti



Juma hili nimeweka kando barua nyingine zote, nikaishika moja tu. Imetoka Chanzuru, huko Kilosa. Mama aliyeiandika ni mke wa mkulima, na ameomba nisimtaje jina. Sitamtaja. Lakini swali lake liko katika nyumba nyingi, kwa hiyo nataka tulisikilize wote pamoja, akina mama na akina baba.

Anaandika hivi:

"Mwaka huu ufuta umetupa fedha kidogo. Mwezi ujao twategemea wageni, watu wanaokuja kumposa binti yetu wa pili. Sebule yetu ni ya matofali mabichi, imekandikwa udongo, na ina giza. Natamani niipake rangi ile laini ambayo si manjano kamili wala si kijani kamili, mfano wa jani la mgomba linapoanza kufunuka. Niliiona kwa mwalimu mmoja, nikarudi nyumbani nikiiota. Baba watoto asema huo ni upuzi, fedha ni za mbolea. Bibi, yaani mama mkwe wangu, asema tukandike udongo kama zamani, yatosha. Sasa shemeji yangu, ambaye zamani alikuwa fundi mjini, ametuletea kopo la rangi ya mafuta, nusu kopo, rangi ile ile niipendayo. Limekaa kwake miaka mingi. Kwa kuwa ni bure, Baba amekubali. Je, nipake? Tena nisisahau jambo moja: mkamwana wetu ni mjamzito, naye ana tabia ya kubandua udongo wa ukutani na kuutafuna. Mjukuu wetu wa miaka miwili amekwisha kumwiga. Labda rangi itawazuia?"

Hiyo ndiyo barua. Nami najibu.

Kopo la bure

Mama mpenzi, neno uliloliweka mwisho, mimi naliweka mwanzo. Usilipake kopo hilo. Usilipake sebuleni, wala chumbani, wala mlangoni, wala kwenye kitanda cha mtoto. Sikiliza sababu yake.

Tangu zamani watengenezaji wengi wa rangi za mafuta walitia ndani yake madini ya risasi, yale yale mazito ambayo wavuvi hufunga kwenye nyavu ili zizame. Risasi huifanya rangi ikauke upesi, ing'ae, isichujuke kwa jua. Na katika rangi zote, ya manjano ndiyo iliyopendwa zaidi kutiwa risasi, kwa sababu ile manjano kali, ing'aayo kama limau lililoiva, ilitengenezwa kwa risasi yenyewe ikiungana na madini ya kromi. Fundi akitaka kijani, alichukua manjano hiyo hiyo akaitia buluu kidogo. Waona sasa? Rangi iliyo kati ya manjano na kijani, hiyo hasa uliyoiota, ndiyo ya kushukiwa kwanza inapotoka katika kopo la zamani la rangi ya mafuta.

Sisemi kila kopo lina sumu. Nasema macho hayawezi kuitambua, wala pua. Hapa kwetu Tanzania, shirika liitwalo AGENDA lilinunua rangi za mafuta madukani, likazipeleka kupimwa, na likatoa taarifa mwaka 2017. Makopo kadhaa yalikutwa na risasi nyingi kupita kiasi. Kipimo kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa ni kidogo sana: isizidi gramu 90 katika tani nzima ya rangi iliyokauka. Kopo lililokaa miaka mingi kwa shemeji, nani ajuaye lina gramu ngapi?

Sasa tazama nyumba yako. Rangi ya mafuta ikipakwa juu ya ukuta wa udongo haidumu. Itatoka malengelenge, itabanduka, itaanguka sakafuni kama maganda ya yai. Mjukuu wa miaka miwili ataokota, atatia kinywani. Hata asipookota, vumbi lake litakaa juu ya mkeka anakochezea, naye hunyonya vidole. Mwili wa mtoto mdogo huivuta risasi aliyomeza kwa wingi kuliko mwili wa mtu mzima. Haimpi homa ya kukushtua usiku. Humwibia polepole: damu inapungua, tumbo linamuuma, na akili yake inakuwa nzito. Akienda shule, mwalimu atasema huyu hasikii, huyu hatulii. Wala hakuna atakayekumbuka ukuta. Shirika la Afya Duniani limesema ya kwamba hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara kwa mtoto, na madhara yakiisha kuingia katika ubongo hakuna dawa ya kuyarudisha nyuma.

Na mkamwana? Risasi anayoimeza mama mjamzito humfikia mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo swali lako, kama rangi itawazuia kutafuna ukuta, jibu lake ni hili: haitawazuia, itawafanya watafune kitu kibaya kuliko udongo.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1904 daktari mmoja wa Brisbane, Australia, jina lake J. Lockhart Gibson, aliandika ya kwamba watoto aliokuwa akiwatibu walikuwa wakiugua kwa sababu ya rangi iliyopakwa kwenye baraza na kuta za nyumba zao. Mwaka 1921 wajumbe wa mataifa walikutana Geneva wakakubaliana rangi nyeupe ya risasi isipakwe tena ndani ya majengo, isipokuwa kwa sababu maalum. Marekani ilipiga marufuku rangi za risasi majumbani mwaka 1978. Basi si uoga wetu wa kijijini. Wenzetu waliochelewa kuamini walilipa kwa watoto wao.

Shemeji mwambie kwa upole. Alitoa kwa moyo mwema, naye hakujua. Lakini kopo lisirudi kwa mtu mwingine akalipake. Lifungeni vizuri, liwekwe juu mahali watoto hawafiki, na mmwulize afisa afya wa kata namna ya kuliondoa. Msilimwage mtoni wala karibu na kisima, wala msilichome moto.

Kwenu ninyi wasomaji ambao nyumba zenu zina rangi ya mafuta ya zamani iliyoanza kubanduka: msiikwangue ikiwa kavu, wala msiisugue kwa msasa, maana vumbi lake ndilo baya. Lowesheni kwanza, okoteni maganda yote, kisha mpige deki kwa kitambaa kibichi. Kufagia kwa ufagio mkavu ni kulisambaza. Na mbao za milango au madirisha ya zamani yenye rangi, tafadhali zisiwe kuni za kupikia. Moshi wake huingia mapafuni, na majivu yake huingia chakulani.

Mama, neno moja zaidi juu ya mkamwana. Usimfokee. Hamu ya kula udongo mara nyingi huja pamoja na upungufu wa damu. Aende kliniki, apimwe damu, apewe vidonge vya kuongeza damu na avimeze kweli, asivifiche chini ya godoro. Mpikieni mchicha, maharage, dagaa. Mtoto naye ale dagaa na anywe maziwa, kwa maana mwili wenye chuma na chokaa ya kutosha huivuta risasi kwa uchache. Na akiwa amekwisha kulamba maganda ya rangi yoyote, apelekwe hospitali, na daktari aambiwe wazi.

Neno kwa Baba

Sasa namgeukia Baba. Ndugu, kuhusu mbolea una haki. Mbolea kwanza. Lakini kusema rangi ni upuzi, hapo nakukatalia.

Lugha yetu yenyewe yaonyesha ya kwamba watu wetu walizitazama rangi kwa upendo. Hatukuzipa majina matupu. Tulizichukua katika vitu tunavyovishika kila siku. Manjano ni kile kiungo cha jikoni. Kijani ni jani. Kijivu ni jivu la mekoni. Na ile rangi ya jani changa, mbichi, ambayo mkeo ameshindwa kuitaja, ina jina lake zamani sana: chanikiwiti. Basi mkeo hakuleta jambo la kizungu nyumbani.

Tena iko faida. Wataalamu wa nuru wamepima jicho la mwanadamu, na mwaka 1924 walikubaliana juu ya kipimo kimoja kwa dunia nzima: wakati wa mchana jicho letu huona kwa wepesi zaidi nuru iliyo kati ya kijani na manjano kuliko nuru ya rangi nyingine yoyote. Ndiyo maana vizibao vya watu wanaofanya kazi barabarani na kwenye reli vimetiwa rangi ya namna hiyo, ingawa vyao ni vikali mno kwa sebule. Chumba chenye dirisha dogo na ukuta mweusi wa udongo hula mwanga. Chumba hicho hicho kikiwa na ukuta mweupe uliotiwa chanikiwiti hafifu huurudisha mwanga. Watoto watasoma karibu na dirisha muda mrefu zaidi jioni kabla ya kuwasha taa. Bibi ataona uzi wa sindano. Nyoka na tandu hawapati mahali pa kujificha penye kivuli. Je, huo ni upuzi?

Fikiri pia majira. Wakati wa masika Kilosa yote ni kijani, hamhitaji zaidi. Lakini ufikapo Septemba, vumbi limejaa barabarani, mashamba yamekauka, nje kote ni kahawia. Hapo ndipo ukuta wa chanikiwiti humpumzisha mtu anaporudi kutoka juani.

Na fedha ya mbolea isiguswe. Rangi ninayotaka kuwaeleza haitoki katika kopo la bei kubwa. Hutoka katika mfuko wa chokaa, shimo la udongo, na kipande cha mkaa.

Bibi naye ana haki

Bibi amesema mkandike udongo kama zamani. Naye hakukosea. Nyumba ya matofali mabichi hupumua kama gunia. Unyevu huingia, unyevu hutoka. Udongo hupumua pamoja nayo, chokaa hupumua pamoja nayo. Rangi ya mafuta hufunga vinyweleo vyote. Maji yanayopanda kutoka ardhini hukwama nyuma yake, na siku moja husukuma rangi yote ianguke.

Nayasema haya kwa kuwa yalinipata. Miaka ya nyuma nilitaka nyumba yangu ing'ae kama ya mjini. Nikapaka rangi ya mafuta juu ya ukuta wa udongo, nikawaita majirani waje kuona. Masika ya kwanza yalipita. Masika ya pili ukuta ukavimba kama chapati, na kabla ya mvua kwisha vipande vikubwa vilikuwa sakafuni vikiwa na udongo nyuma yake. Nilipoteza rangi, nikapoteza na ukuta.

Watu wa Kilosa hawana haja ya kufundishwa na mimi nguvu ya maji. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa ulivunja kingo zake, ukaingia mjini, ukaharibu reli na kuwaacha maelfu ya watu bila makazi. Kuta zilizokunywa maji hazikauki kwa juma moja. Kwa hiyo, kabla ya kuwaza rangi, zunguka nyumba. Je, paa linavuja? Je, maji ya paa yanaanguka kwenye msingi? Chimba mfereji yaende mbali. Je, chini ya ukuta pana mstari mweusi wa unyevu au unga mweupe kama chumvi? Subiri pakauke, kisha kwangua hapo. Je, pana njia za mchwa? Ziondoe. Je, pana nyufa? Wazee wamekwisha kusema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kisha mpe Bibi nafasi yake. Yeye ndiye ajuaye udongo upi haupasuki, na mchanga utiwe kiasi gani. Akandike ukuta upya, laini, kwa udongo uliochekechwa. Uacheni ukauke vizuri. Huo ndio mgongo wa kazi, na chokaa ni nguo tu.

Namna ya kuitengeneza rangi

Kwanza chokaa. Nunua chokaa ya unga iliyokwisha kuzimwa, ile inayouzwa kwa mifuko. Mfuko mmoja wa kilo 25 aghalabu hutosha sebule ya kawaida kwa mikono mitatu ya upakaji. Usichukue chokaa hai ya mabonge kutoka tanuruni. Ikikutana na maji huchemka na kuruka, nayo ni kazi ya fundi aliyeizoea. Tia maji katika ndoo au pipa, kisha nyunyiza chokaa ndani ya maji huku ukikoroga, mpaka iwe kama uji mzito. Funika, iache ilale usiku kucha au zaidi. Asubuhi ichuje kwa kitambaa kikuukuu ili mabonge yasibaki.

Pili udongo wa manjano. Si kila mahali upo, lakini wachimba visima na wachimba vyoo huujua. Mara nyingi huonekana ukishapita udongo mweusi wa juu. Uanike, utwange, uutie katika ndoo ya maji, koroga kwa nguvu, ngoja kidogo. Mchanga utazama upesi. Mimina maji yenye udongo katika ndoo nyingine, uache mchanga nyuma. Ndoo hiyo ya pili iache itulie mpaka maji yawe safi juu, uyamwage polepole, na chini utapata udongo laini kama siagi. Uanike, uponde, uwe unga. Ukiukosa udongo, duka la vifaa vya ujenzi huuza unga wa manjano wa kutiwa katika saruji. Chagua ule uliopoa kama rangi ya udongo, utokanao na kutu ya chuma. Ule unaong'aa kama limau uuache dukani, kwa sababu ile ile niliyokwisha kuieleza.

Tatu mkaa. Saga kipande cha mkaa mpaka kiwe unga mwembamba kabisa, ukichekeche kwa kitambaa. Unga wa mkaa hupenda kuelea juu ya maji. Kwa hiyo uukande kwanza kwa maji ya sabuni kidogo.

Labda wauliza: mkaa mweusi wa nini, nami nataka kijani? Hapa ndipo pana ajabu ndogo. Manjano ya udongo ikitiwa weusi kidogo haiwi chafu kama tudhaniavyo. Hugeuka ikaelekea kijani. Wapaka rangi wa zamani walilijua jambo hili. Basi tia udongo wa manjano katika chokaa, kidogo kidogo, mpaka iwe kama maziwa yaliyotiwa kiini cha yai. Kisha tia mkaa kwa kijiko cha chai, ukikoroga kila mara na kutazama. Kijiko cha kwanza hutaona kitu. Endelea taratibu, na itafika mahali utaona rangi imegeuka. Acha hapo hapo. Ukizidisha itakuwa jivu.

Sitaki kukudanganya, Mama. Haitakuwa kijani cha kasuku. Itakuwa chanikiwiti iliyotulia, kama ganda la embe linaloanza kupoteza ubichi. Ukiitaka ichangamke zaidi, ongeza kijiko kimoja au viwili vya unga wa kijani wa saruji, lakini muulize muuzaji kwanza kama unafaa kuchanganywa na chokaa, maana rangi nyingine huungua ndani ya chokaa na kupotea.

Zingatia kipimo hiki: udongo na mkaa na unga wote kwa pamoja visizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa chokaa. Chokaa kilo 10, rangi isizidi kilo 1. Ukizidisha, ukuta utaachia unga kwenye nguo za wageni.

Na onyo la jikoni: usitie manjano ya mchuzi. Najua wapo watakaojaribu. Manjano ya kupikia ikikutana na chokaa hubadilika kuwa nyekundu papo hapo, na hata ikipoa, jua huifuta. Utakuwa umepoteza chokaa, na pilau pia.

Changanya rangi yote kwa siku moja na katika chombo kimoja. Ukichanganya nusu leo na nusu kesho, hazitafanana kamwe.

Kujaribu na kupaka

Ninyi watu wa Chanzuru mko karibu na Ilonga, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Wataalamu wa pale hawapeleki mbegu mpya kwa wakulima kabla ya kuijaribu katika kitalu kidogo. Fanyeni vivyo hivyo. Pakeni nyuma ya mlango kipande cha ukubwa wa sahani, mngoje siku nzima. Chokaa ikiwa mbichi huonekana nzito. Ikikauka hupauka sana. Wengi huona rangi mbichi wakashtuka, wakaongeza chokaa nyingi, na kesho yake wanakuta ukuta mweupe.

Mkiridhika, ongezeni maji katika rangi mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Nyunyizieni ukuta maji kidogo kwanza, usilowe, uwe na ubaridi tu. Pakeni kwa brashi pana, mkono mwembamba sana, ndipo mngoje siku moja, mpake wa pili, na siku ya tatu wa mwisho. Mkono wa kwanza hautawapendeza; msikate tamaa wala msiufanye mnene. Chokaa nene hupasuka. Pakeni asubuhi au jioni, na kuta zinazopigwa na jua zifunikwe kwa majamvi zikauke polepole. Korogeni ndoo kila baada ya muda, kwa sababu udongo huzama.

Wengine hutia chumvi ya mawe au maziwa yaliyotolewa siagi ili rangi ishike vizuri. Yote mawili yanasaidia, lakini si lazima.

Jihadharini na macho. Chokaa mbichi huchoma. Mpakaji avae mikono mirefu na kitu cha kulinda macho, na afunike nywele. Ikiruka jichoni, osheni hapo hapo kwa maji mengi safi, muda mrefu, kisha hospitali. Siku za kupaka mkamwana na mjukuu walale nyumba nyingine. Chokaa ikiisha kukauka na kushika hewa hurudi kuwa kama jiwe lile ilikotoka, haichomi tena. Hata hivyo si chakula, mtoto azuiwe.

Kila mwaka baada ya masika pakeni mkono mmoja mpya. Haibanduliwi ya zamani. Hupakwa juu yake.

Kwa wale wenye nyumba za saruji iliyopigwa lipu, rangi ya maji ya dukani yafaa. Tazameni alama ya TBS kwenye kopo, na msome kama imeandikwa haina risasi. Muuzaji asipojua kujibu, nendeni duka la pili.

Kuipamba sebule

Ukuta ukiwa tayari, msiuharibu kwa kuujaza vitu. Chini, kufika magotini, pakeni ukanda wa udongo mwekundu. Utaficha matope ya miguu na alama za viti, na wekundu huo karibu na chanikiwiti hupendeza sana. Juu, karibu na paa, acheni mstari mweupe wa chokaa tupu. Mlango wa mbao uacheni na rangi yake ya asili. Mapazia yawe meupe au ya rangi ya damu ya mzee. Picha takatifu ipate mahali pake peke yake, isibanwe na kalenda sita za miaka iliyopita. Mkeka mmoja mzuri wa ukindu sakafuni, nanyi mmemaliza.

Jikoni msipake chanikiwiti. Moshi utaila kwa juma moja. Jikoni pakeni chokaa nyeupe tu, mara nyingi.

Hesabu ya siku

Wageni waja mwezi ujao. Juma la kwanza: paa, mfereji, nyufa. Juma la pili: Bibi na wasichana wakandike. Juma la tatu: udongo ukauke, nanyi mlaze chokaa, mtwange udongo wa manjano, mjaribu nyuma ya mlango. Juma la nne: siku tatu za kupaka, na siku mbili za kukausha. Ikiwa ukuta haujakauka kwa wakati, msilazimishe. Wapokeeni wageni kwenye sebule iliyokandikwa vizuri, ikafagiliwa, na rangi ipakwe kabla ya harusi. Watu wema wanaotafuta mke hutazama kwanza kama nyumba ni safi na kama watu wake wanapendana.

Basi, Mama wa Chanzuru, katika shauri hili wote wanne mna sehemu. Baba alilinda fedha ya shamba. Bibi alijua udongo. Shemeji alitoa alichokuwa nacho. Nawe uliona giza ndani ya nyumba, ukataka kuliondoa. Kopo tu ndilo lisilo na nafasi. Rahisi ghali, na hili la bure lingekuwa ghali kupita yote, maana bei yake ingelipwa na mtoto ambaye hajazaliwa.

Mkiisha kupaka, niandikieni mniambie ilitoka rangi gani. Na wasomaji wengine walio na udongo wa manjano, mwekundu au mweupe katika vijiji vyao, waniandikie wanavyoutumia. Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya barua ya baba mmoja anayeuliza kama yafaa mtoto wa kiume kufundishwa kupika.

Kwa leo nawaageni. Kaeni salama.